Marejeo ni Ngamani

Hita ile ina magurudumu manne, na ikisukumwa juu ya vigae hukwaruza kama mashua inayokokotwa changaraweni. Mgongoni imebeba mtungi wa gesi. Usoni ina vibao vitatu vya udongo ambavyo huanza kwa rangi ya samawati, vikasita, kisha vikaiva vikawa vyekundu kama kaa la mkoko. Alfajiri huwa jikoni. Saa nne husukumwa hadi chumba anachoshonea bibi. Alasiri, watoto wakirudi shule, huwekwa kando ya meza kubwa, na usiku huingizwa chumbani mwao kwa dakika kumi tu, ikatolewa, mlango ukafungwa upesi ili joto lisitoroke. Popote inapokwenda, nyumba nzima huifuata: bibi na sindano zake, babu na redio, mama wa nyumba na kisu na viazi, watoto na madaftari, paka nyuma yao. Nyumba ina vyumba tisa. Kuanzia Desemba hadi mwanzo wa Machi, watu sita huishi katika chumba kimoja, na chumba hicho hutembea.

Nyumba yenyewe iko Gozo, au Għawdex kama wenyewe wanavyokiita, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta, kusini mwa Sicily na kaskazini mwa Libya. Nilipanga chumba cha juu humo kwa misimu miwili ya baridi. Nilikwenda nikiwa na picha waliyonayo wengi, kwamba Mediterania ni jua, bahari ya buluu na watu waliovaa nguo nyepesi. Picha hiyo ni ya kweli kwa anayefika Julai. Januari wastani wa joto ni kama nyuzi 12 au 13, na theluji karibu hawaijui. Nyuzi 12 si baridi ya kuua mtu. Lakini nyuzi hizo zikiingia ukutani zikakaa wiki kumi, zikalala nawe na kuamka nawe, zikakusubiri ndani ya viatu na katikati ya kurasa za kitabu, huwa jambo jingine kabisa.

Nyumba za kule zilijengwa kumkabili adui mmoja, naye ni jua la Agosti. Kuta zake ni mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, kati yake kifusi. Dari ni ndefu, sakafu ni ya vigae. Jiwe ni la chokaa, laini, rangi ya asali, lachimbwa humo humo kisiwani, na fundi anaweza kulikata kwa msumeno. Kwa sababu ni laini, linakunywa maji. Mimi ni mtu wa Pemba. Nyumba ya mawe naijua inavyotoa chumvi na kupukutisha chokaa wakati wa masika, na sikushangaa. Kilichonishangaza ni kwamba siku ya jua, katikati ya Januari, nje kuna joto kuliko ndani. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Pale ukishaingia, unatamani kutoka. Bibi hufungua mlango, akasogeza kiti mpaka kizingitini, akaketi na koti lake, mikono mapajani, viganja vimetazama juu kama mtu anayepokea kitu. Jirani wa pili hufanya vivyo hivyo, na wa tatu. Njia nzima ya wazee wakiota jua, kila mmoja mlangoni pake, wakizungumza kwa sauti kubwa bila kugeuza vichwa, maana uso hautolewi kwenye jua kwa ajili ya maneno.

Lakini adui hasa ni unyevunyevu, baridi ni msaidizi wake tu. Viatu vya ngozi vikikaa nyuma ya mlango wiki moja huota koga la kijani. Chumvi hugandamana kibakulini. Shati huanikwa Jumatatu na Alhamisi bado lina ubichi kwapani. Pembeni mwa kabati kuna mashine ya kukausha hewa, inayonguruma usiku kucha, na asubuhi chombo chake kimejaa maji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi lilikuwa kukimwaga chombo kile. Kila asubuhi nilisimama nacho dirishani nikiyatazama yale maji, zaidi ya lita mbili, meupe, hayana hata uchafu wa kuonekana. Yametoka wapi? Yametoka kwenye sufuria ya supu, kwenye soksi zilizotundikwa kambani, kwenye ukuta wenyewe. Yametoka kwenye hita pia, maana gesi ikiungua huzaa mvuke, kwa hiyo kile kinachotutia joto ndicho kinacholowesha kuta. Na yametoka vifuani mwetu. Hita na mashine ile hushindana, moja ikitia, nyingine ikitoa, na sisi tuko katikati. Dirisha nalo halifungwi kabisa. Hita ya namna hii haina bomba la kutolea hewa iliyotumika, ndiyo maana huachwa mwanya wa vidole viwili, upepo uingie. Mtoto mdogo aliuliza kwa nini tunaikaribisha baridi tunayoikimbia. Bibi akamjibu kwamba moto nao unataka kupumua. Maji yale alinikataza kuyamwaga bombani. Niliyapeleka uani, kwenye mlimau uliopandwa ndani ya pipa, na kwa hiyo mlimau ule ulinyweshwa msimu mzima pumzi za watu sita na mgeni mmoja.

Hawamwagi maji ovyo, na wana sababu. Nchi ile haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua yote ya mwaka ni kama milimita 550, na sehemu kubwa hushuka kati ya Oktoba na Machi. Majira ambayo mgeni huyaona ni ya kufungiwa ndani, kwao ndiyo majira ya kuvuna. Chini ya uani kuna kisima kilichochongwa mwambani, chembamba mdomoni, kipana tumboni kama mtungi. Kwa Kimalta huitwa bir. Valletta, mji ulioanza kujengwa mwaka 1566, ulikuwa na sheria kwamba kila nyumba iwe na kisima chake cha mvua. Paa la nyumba ni tambarare, lina mteremko mdogo usioonwa na jicho, na kabla ya mvua za kwanza babu hupanda akalifagia pembe hadi pembe, kwa kuwa kila tone litakalopiga pale litaishia kisimani. Bibi anakumbuka kwamba utotoni mwake kisimani mliishi mkunga, aliyetiwa makusudi ale wadudu. Nikamwambia kwetu pwani, katika nyumba za kale za Lamu, birika za bafuni zilitiwa visamaki kwa kazi hiyo hiyo. Alinyamaza, kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa salamu na ndugu asiyejua kwamba anaye.

Undugu upo hata katika maneno. Kimalta ni lugha ya ukoo wa Kiarabu iliyovaa herufi za Kilatini, na sikio la Mswahili huokota vitu vyake humo bila kuomba ruhusa: dinja ni dunia, siegħa ni saa, ħamsin ni hamsini, elf ni elfu. Lakini neno lililonishika ni bejt. Kwa Mwarabu, bayt ni nyumba. Kwa Mmalta nyumba ni dar, na bejt ni paa. Sisi tulilipokea neno lile lile tukalifanya ubeti, kipande cha shairi chenye vina na mizani. Usiku wa mvua nililala chini ya bejt ile nikisikia matone yakihesabu mizani, maji yakishuka katika bomba la ukutani, yakikata kidogo, kisha yakilia chini kabisa gizani, kisimani, kama kina mwishoni mwa mshororo. Nikaona kwamba aliyejenga paa na aliyetunga ubeti wamefanya kazi moja. Wote wawili wamekizuia kitu kinachopita, wakakipa mahali pa kukaa.

Jioni ndiyo saa ya supu. Ninayoipenda huitwa soppa tal-armla, supu ya mjane, kwa kuwa hata mjane fukara aliweza kuipika: koliflawa, viazi, njegere, chochote cha shambani, na mwishoni kipande cha jibini ya maziwa ya kondoo kinachozamishwa kikalainika. Jifya moja haliinjiki chungu, na chungu kile kimeinjikwa na wengi: babu amemenya viazi, mtoto amepukuchua njegere, mama ameonja. Baada ya supu huja kahawa. Kahawa ya kienyeji ya Malta husagwa pamoja na mzizi wa chikori, mbegu za anisi na karafuu. Usiku wa kwanza niliposogeza kikombe puani nilisimama. Nikaomba kuonyeshwa kopo. Bibi akanitilia kiganjani karafuu moja ambayo haijasagwa, ina meno manne na kichwa kama shanga, akaitaja kwa lugha yake: qronfol. Nami nikaitaja kwa yangu. Tukatazamana.

Kwetu Pemba, karafuu zikishashushwa mikarafuuni jioni, watu huketi ukumbini kuzichambua, karafuu hapa, makonyo kule, kwa sababu kesho jua likitoka ni lazima ziwe juu ya majamvi. Taa ilikuwa moja. Mafuta ya taa yalikuwa ghali, na kwa kuwa taa ni moja watu wote walikuwa pale: nyanya, shangazi, watoto waliofukuzwa kulala wakarudi, jirani aliyekuja kuazima kitu akakaa. Hakuna aliyeitisha mkutano. Vidole vilikuwa na kazi, na vidole vikiwa na kazi ulimi hulegea. Jina la babu yangu wa nne nililisikia pale. Kwamba mama aliwahi kuposwa na mtu mwingine nililisikia pale, ghafla, kati ya konyo na konyo, na hakuna aliyelirudia tena. Karibu yote ninayoyajua juu ya watu wangu niliyajua mikono yangu ikinuka karafuu. Basi nilipowaona watu wa Gozo wamesogeza viti hadi magoti yanagusana, bibi akianza kisa cha nduguye aliyepanda meli kwenda Australia, niliyatambua makao yale. Nilishayakaa.

Msomaji wa Biblia anakifahamu kisiwa cha Malta kwa jina la Melita. Katika Matendo ya Mitume, merikebu iliyombeba mtume Paulo akiwa mfungwa inapigwa na upepo mkali siku nyingi, inavunjika, na watu 276 wanafika ufukoni, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Wahubiri hupenda kisa cha nyoka aliyejizonga mkononi mwa Paulo. Mimi husimama aya moja nyuma yake. Wenyeji, wasiowajua wageni hao wala lugha yao, jambo la kwanza wanalofanya ni kuwasha moto, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya baridi. Paulo mwenyewe anakusanya kuni. Napenda kulifikiria duara lile. Watu 276 hawaenei kirahisi kwenye moto wa ufukoni. Lazima walibanana, askari na mfungwa, nahodha na mtumwa, nguo zikitoa mvuke, kila mmoja akigeuza upande uliolowa. Kisiwa kile kimeingia katika maandiko kwa moto uliowashwa wakati wa baridi, na kila tarehe 10 Februari Wamalta huadhimisha ajali hiyo ya merikebu, barabara za Valletta zikiwa bado zina maji ya mvua. Waliosalimika walikaa miezi mitatu, mpaka bahari ikafunguka.

Upepo uliowaleta bado unavuma. Hutoka kaskazini mashariki na wenyeji huuita Grigal. Ukianza, bahari hupanda juu ya kuta za bandari, na feri inayounganisha Mġarr ya Gozo na Ċirkewwa ya Malta, safari ya kama dakika 25, husimamishwa. Baba wa watoto wetu hufanya kazi ng'ambo, kama watu wengi wa Gozo. Huondoka gizani, hurudi gizani. Usiku wa Grigal hapigi simu mpaka awe na hakika, na simu ikilia saa mbili usiku kila mtu anajua itasema nini. Atalala kwa binamu yake. Mama huifunika sahani yake kwa sahani nyingine. Hita inasogezwa mezani kama kawaida, na kiti chake kinabaki palepale, upande wa kulia wa moto, na ingawa mtoto mkubwa anatetemeka upande wa mlangoni, hakikalii. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wazee wetu wa jahazi walijua kwamba mtu atatembea sitaha yote, atapanda mlingoti, atasimama omo akitazama nchi za watu, lakini mwisho hushuka ngamani, katika tumbo la chombo, penye giza na maji ya kukumbwa. Ngama si mahali pazuri. Pananuka, pamelowa, ndipo kila kinachovuja huonekana. Nilipokuwa mtoto niliichukua methali hiyo kama onyo kwa wasafiri. Katika chumba kile chenye kuta zinazotoka jasho nilianza kuisikia kama ahadi.

Kabla ya Krismasi kuna jambo ambalo watoto ndio wahusika wakuu. Wiki kadhaa mapema hutandaza pamba kwenye visahani, wakapanda juu yake mbegu ndogo za jamii ya kunde, wakazilowesha, wakazifungia kabatini. Huitwa gulbiena. Mtoto mdogo alinishika mkono kunionyesha zake, siku ya kumi na tano hivi. Alifungua mlango wa kabati kiasi cha jicho tu, asiingize mwanga, na ndani niliona machipukizi meupe, marefu, membamba kama mvi za mzee, yamelala upande mmoja. Mwanga ungeyatia ukijani. Giza ndilo limeyahifadhia weupe. Krismasi ikifika, visahani huwekwa kando ya sanamu ya mtoto Yesu horini. Nimelifikiria sana kabati lile. Sisi hufundishwa kwamba kila chema hukulia juani. Watu hawa wana jua kuliko mahitaji yao, na bado walipotafuta kitu cha kumpa mtoto mchanga walikwenda kukiotesha gizani, kwa maji machache na subira.

Asubuhi ya Krismasi simu huwekwa mezani, imeegemezwa kwenye mtungi wa sukari. Melbourne ni majira ya joto. Upande ule wamevaa fulana, wanapunga mikono chini ya mti. Upande huu, mablanketi mabegani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamalta kwa maelfu walihamia Australia, na karibu kila nyumba ya Gozo ina viti vyake ng'ambo. Nimeziona simu kama hizo Wete, Pemba, zikiita kutoka Maskati. Watu huulizana hali ya hewa kwanza. Si kwamba hawana la kusema. Hali ya hewa ndiyo namna ya kuuliza: ungekuwa hapa, ungekaa wapi?

Kwenye barabara ya chini wamejenga fleti. Kila chumba kina kiyoyozi kinachotoa joto, na jioni unaona madirisha yote yana mwanga, kila dirisha na kivuli chake kimoja. Siwalaumu. Baridi si fadhila. Nimemsikia babu akikohoa saa tisa usiku, nimeviona vidole vya bibi vilivyovimba vikishindwa kushika sindano, na ningekuwa na uwezo ningeupa kila ukuta wa nyumba ile joto lake, bila kuhesabu gharama. Wala Pemba sitaki watoto wasomee tena koroboi. Moshi wake naukumbuka kifuani. Lakini naandika haya kwa sababu jambo moja linaniuma. Duara lile, la Gozo na la Pemba, hatukulichagua. Uhaba ndio uliotuketisha. Taa ilikuwa moja, moto ulikuwa mmoja, tukadhani tunapendana kwa asili. Sasa taa ni nyingi, na kila mwenye simu ana moto wake mdogo mkononi, unaomtosha peke yake. Ni nani atatuita mezani, na atatuita kwa lipi, kama hatuhitaji tena kupashana joto? Ndugu msomaji, nyumbani kwako kuna kitu gani kimoja tu?

Februari ikiisha, mashamba ya Gozo huwa kijani kibichi, jambo ambalo mgeni wa kiangazi hawezi kuliamini kwa vumbi aliloliona. Kingo za njia hujaa maua ya manjano ambayo watoto huvunja vikonyo vyake wakavifyonza kwa uchachu wake. Wenyewe huyaita nyasi za Kiingereza, lakini asili ya mmea huo ni Afrika Kusini. Ulifika Malta mwanzoni mwa karne ya 19 na kutoka hapo ukaenea Mediterania. Siku moja ya Machi mama alifungua madirisha yote kwa pamoja. Watoto walirudi vyumbani mwao, babu akahamishia redio uani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu nilisikia milango ya ndani ikifungwa. Bibi na mimi tuliisukuma hita mpaka stoo. Alifunga valvu, akachomoa mpira wa gesi, akaufunika mtungi kwa shuka kuukuu. Kabla ya kuufunika aliutikisa kidogo, akasikiliza, akasema imo ya kutosha jioni mbili za Novemba.